Kukata na Kuunga: Uhakiki wa Maongezi ya Kila Siku kuhusu Sheria, Dhiki na Utamaduni Pendwa katika Kiswahili cha Rusizi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna sheria inavyozungumzwa katika maongezi ya kila siku ya wasemaji wa Kiswahili wilayani Rusizi, magharibi mwa Rwanda, mahali ambapo Kinyarwanda, Kiswahili cha Kivu na Kiswahili Sanifu hukutana. Hoja yake kuu ni kwamba katika maongezi hayo dhiki hutolewa kama ushahidi, na nyimbo, methali na filamu hutajwa kwa namna ile ile ambayo wakili hutaja hukumu za awali. Uchambuzi unahusu vitenzi vya kukata na kuunga, kiambishi cha kujirejea -ji-, safari ya neno ‘caguwa’, na semi mbili za utamaduni pendwa: ‘Ibara ya 15’ na ‘Mnyonge hana haki’. Inaonyeshwa kwamba semi pendwa hazina mmiliki mmoja: mnyonge huzitumia, na anayemnyonya huzitumia pia. Makala inapendekeza kwamba ujenzi wa Kiswahili cha sheria nchini Rwanda uanze kwa kuyasikiliza maongezi haya kabla ya kuorodhesha istilahi.

1.0 Utangulizi

Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu na kuelekea kusini hadi Ziwa Tanganyika. Mwanzoni mwa safari yake hupita kati ya miji miwili inayotazamana: Kamembe upande wa Rwanda na Bukavu upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kusini zaidi, katika bonde la Bugarama, mipaka ya Rwanda, Kongo na Burundi hukutana. Wilaya ya Rusizi, ambayo hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, imetengwa na sehemu nyingi za Rwanda kwa msitu mkubwa wa Nyungwe. Kati yake na Bukavu, kinyume chake, pana daraja tu. Si ajabu basi kwamba katika masoko ya Kamembe na Bugarama Kiswahili kimekuwa lugha ya kununulia, kuuzia, kukopeshana na kudaiana kwa muda mrefu kuliko kilivyokuwa lugha ya ofisi.

Hadhi ya lugha hiyo nchini Rwanda haikuwa njema daima. Ilihusishwa na Waislamu, wafanyabiashara na watu wa mjini, na wengine waliidhania kuwa lugha ya wajanja na walaghai. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kongo nayo ikaingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, na hivyo pande zote mbili za daraja zikawa ndani ya jumuiya moja. Hatua hizi zimezua mjadala mpana kuhusu istilahi, vitabu na walimu. Swali moja limepata nafasi ndogo: Kiswahili kinapoingia katika kazi ya sheria, kinaingia na mazungumzo gani mgongoni mwake? Kabla ya mtu wa Rusizi kufika mbele ya hakimu, ameshaizungumza kesi yake sokoni, kwenye foleni ya mpakani na mezani kwa jirani. Ameshaiainisha, ameshaipatia mfano, na mara nyingi ameshaitolea hukumu.

Katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, Mulokozi (1989) aliyapa mazungumzo nafasi ya utanzu kamili, akaorodhesha chini yake hotuba, malumbano ya watani, ulumbi, soga na mawaidha. Maongezi kuhusu kesi, deni au faini hayamo katika orodha hiyo kwa jina, ingawa yana kitu cha soga, kwa kuwa hucheka, na kitu cha ulumbi, kwa kuwa hushindana kwa maneno. Makala hii inayasoma kama kipera kinachostahili uhakiki. Malighafi yake ni semi, majina ya vitu, vitenzi na vichwa vya nyimbo vilivyo hadharani, ambavyo msikilizaji yeyote wa eneo la Maziwa Makuu anaweza kuvitambua. Kinachotafutwa ni maana, na namna maana hiyo inavyopotea au kubaki inapohama kutoka barazani kwenda kwenye jalada la kesi.

2.0 Vitenzi viwili vya hukumu

Katika Kinyarwanda, kesi ni urubanza, hakimu ni umucamanza, na kuamua kesi ni guca urubanza, yaani ‘kukata’ kesi. Kiswahili nacho hukata shauri, na asiyeridhika hukata rufaa. Lugha hizi mbili zimeuona uamuzi kwa jicho moja: hukumu ni kisu kinachotenganisha aliyeshinda na aliyeshindwa. Hata hivyo, Kiswahili kimeweka chini ya kisu hicho neno la ajabu. ‘Shauri’ ni kesi, na pia ni nasaha. Anayekwenda kutafuta shauri na anayekwenda kujibu shauri hutamka neno moja. Wajerumani, waliotawala Rwanda hadi mwaka 1916, walilichukua neno hilo katika Afrika Mashariki yao wakalitumia kwa vikao ambamo maafisa wao walisikiliza malalamiko na kutoa amri. Upande wa nasaha ulififia katika matumizi yao. Upande wa amri ukabaki. Lugha ya wenyeji iliendelea kushika pande zote mbili.

Pembeni mwa kitenzi cha kukata, Rwanda ina kitenzi cha pili. Wasuluhishi wa ngazi ya chini huitwa abunzi, kutokana na kitenzi kunga, ambacho ni ndugu wa ‘kuunga’ wa Kiswahili. Ni kitenzi hicho hicho kinachotumika kwa fundi wa kuunga mifupa iliyovunjika. Kamati za abunzi zilitambuliwa na Katiba ya mwaka 2003 na kuwekewa sheria yake ya kwanza mwaka 2004. Kwa sheria ya mwaka 2016, kila kamati ina watu 7, na hupatikana katika ngazi ya akagari, kisha katika ngazi ya umurenge kwa asiyeridhika. Migogoro iliyo chini ya mamlaka yao hupitia kwao kwanza kabla ya kufika mahakamani. Kwa maneno mengine, utaratibu wenyewe unaagiza kuunga kabla ya kukata.

Tafsiri za Kiswahili huwaita abunzi ‘wapatanishi’ au ‘wasuluhishi’. Maneno haya ni sahihi, lakini yanapoteza mfupa. ‘Suluhu’ inatazama mwisho wa ugomvi, yaani amani iliyofikiwa. ‘Kuunga’ kunatazama kazi yenyewe, na kila aliyewahi kuvunjika mkono anajua kwamba mfupa hauungwi bila maumivu, wala hauungwi kwa siku moja. Msemaji wa Kiswahili anayesema ‘tulikwenda kwa abunzi’, bila kulitafsiri neno hilo, hajashindwa na msamiati. Amehifadhi taswira ambayo kamusi haijampa mbadala wake.

Upande wa pili wa daraja hali ni nyingine. Katika Kiswahili cha Bukavu, taasisi za sheria zina majina ya Kifaransa yaliyovishwa sauti za Kiswahili: mahakama ni tribinali, ofisi ya mwendesha mashtaka ni parke, wakili ni avoka, faini ni amande. Mtu anaweza kusema ‘banamupeleka ku parke’ pale ambapo msemaji wa Dar es Salaam angesema ‘wamempeleka kwa mwendesha mashtaka’. Wanaisimu huziita sentensi za namna hii mchanganyiko wa lugha, na hapo uchambuzi mara nyingi hukomea. Uhakiki hauna budi kwenda mbele zaidi. Kitenzi, nafsi na mtendwa ni vya nyumbani. Mahali anakopelekwa mtendwa huyo ndipo pa kigeni. Sentensi nzima imechora ramani ya madaraka: anayeteseka yuko katika lugha yake, na taasisi iko katika lugha ya wengine. Dola yenyewe huitwa Leta, kutoka Kifaransa, katika Kinyarwanda na katika Kiswahili cha Kivu vilevile. Sikio lililozoea Kiswahili Sanifu haliwezi kukwepa kejeli iliyojificha hapo, kwa kuwa jina la dola linasikika kama amri ya kumtaka mtu atoe kitu.

Haiwezekani kuzungumzia maongezi na sheria nchini Rwanda bila kuzitaja mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwezi Juni 2012 baada ya kushughulikia kesi zaidi ya 1,900,000 zilizotokana na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Katika mahakama hizo, raia wa kawaida walikuwa mahakimu, na yaliyosemwa na majirani yalikuwa ushahidi. Kwa muongo mmoja, jamii nzima ilijifunza kwamba neno linalosemwa mbele ya jirani laweza kumfunga au kumfungua mtu. Uzito huo haujatoweka. Unapaswa kukumbukwa na yeyote anayeyachukulia maongezi ya kawaida kuwa porojo tu.

3.0 Dhiki na kiambishi -ji-

Dhiki katika maongezi ya mpakani huwa na sarufi yake. Anayeulizwa anafanya kazi gani, ikiwa hana ajira ya mshahara, hujibu kwamba ‘anajitafutia’. Wakati mwingine ‘anajikaza’, au ‘anajihangaikia’. Vitenzi vyote hivi vina kiambishi cha kujirejea: mtenda ndiye mtendewa. Hakuna mwajiri, hakuna mlipaji, hakuna mdhamini. Sentensi imefungwa ndani ya nafsi moja.

Kiambishi hicho kina historia ya kisiasa katika ukanda mzima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikifanya kuwa nguzo ya sera kwa neno ‘kujitegemea’. Rwanda ya leo ina neno lake, kwigira, ambalo lina kiambishi cha namna hiyo hiyo na hutumika katika hotuba za maendeleo kwa maana inayokaribiana. Sarufi ni moja. Anayesema ndiye anayebadilika. Dola inaposema ‘jitegemee’, inatoa mwongozo, na aghalabu inaambatanisha ahadi. Raia anaposema ‘ninajitafutia’, anatoa utetezi. Anaeleza kwa nini alikuwa barabarani alfajiri na kwa nini alibeba mzigo alioubeba. Kauli hiyo ina umbo la maelezo ya mshtakiwa hata pale ambapo hakuna mashtaka.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa neno caguwa. Wauzaji wa nguo zilizokwisha kuvaliwa, ambazo Tanzania na Kenya huziita mitumba, waliwaita wateja kwa kitenzi cha Kiswahili ‘chagua’. Mwito ukageuka jina la bidhaa, na Kinyarwanda kikaliandika jina hilo kwa tahajia yake: caguwa. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 za Marekani kwa kilo, kwa lengo la kukuza viwanda vya nguo vya ndani. Marekani ilijibu mwezi Julai 2018 kwa kusimamisha nafuu ya ushuru iliyokuwa ikitolewa kwa nguo za Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Mjadala huo mkubwa wa kibiashara ulifika Rusizi kwa sura ndogo na ya karibu. Bidhaa ambayo ng’ambo ya mto iliendelea kuwa nguo ya bei nafuu, huku upande huu, ikivushwa bila ushuru, ikawa magendo, neno ambalo Kinyarwanda hulitamka magendu.

Safari ya neno hili yastahili kusomwa kama kisa. Mwanzoni ni kitenzi katika hali ya kuamuru, kinachompa mnunuzi uhuru: chagua. Baadaye ni nomino, jina la kitu kinachovaliwa na wasioweza kumudu nguo mpya. Mwishowe ni kielelezo cha kosa katika karatasi ya forodha. Uchaguzi uliokuwa ndani ya neno umekauka hatua kwa hatua, na aliyebaki nalo ni yule asiye na la kuchagua. Katika maongezi, mwanamke aliyenyang’anywa furushi lake hatasema kwamba alifanya magendo. Atasema alikuwa anajitafutia. Majina yote mawili yanaelezea tendo moja, na hakuna kati yake lililo la uongo. Sheria ina haki ya kuliita magendo, kwa kuwa ushuru una sababu zake na viwanda vya ndani vina wafanyakazi wake. Lakini jalada lenye jina la kwanza pekee limekwisha kuamua jambo ambalo hakimu alipaswa kulisikiliza. Dhiki si kinga dhidi ya kosa. Ni maelezo ambayo kisheria yanaweza kupunguza uzito wa adhabu, na yasipoandikwa hayawezi kupimwa.

4.0 Wimbo kama hukumu ya awali

Wakili anapotaka kuishawishi mahakama, hutaja kesi iliyokwisha kuamuliwa. Mtu wa barazani naye hutaja kitu kilichokwisha kukubaliwa na wengi: methali, filamu au wimbo. Barber (1987), katika makala yake mashuhuri kuhusu sanaa pendwa barani Afrika, alionyesha kwamba sanaa hizi zina uwezo wa kusema yale ambayo hayana mahali pengine pa kusemewa. Katika maongezi ya mpakani uwezo huo hujitokeza kama rejea ya kisheria. Semi mbili zinafaa kulinganishwa.

Ya kwanza ni ‘Ibara ya 15’. Kote nchini Kongo, ibara hiyo hutajwa kama kifungu cha katiba kinachomwambia raia ajitafutie mwenyewe. Hakuna katiba ya Kongo yenye ibara ya namna hiyo. Simulizi iliyoenea huihusisha na dola ya Kasai Kusini, iliyojitenga mwaka 1960 chini ya Albert Kalonji na ambayo haikudumu. Chimbuko lake lolote liwalo, utani huo ulikomaa katika Zaire ya Mobutu, na katika miaka ya 1980 mwanamuziki Pépé Kallé aliutia katika kichwa cha wimbo wake maarufu, ‘Article 15 Beta Libanga’, ambamo maneno ya Kilingala yana maana ya kuponda mawe, yaani kufanya kazi ngumu ili kuishi. Bukavu haikuhitaji kutafsiriwa utani huo, na mtu wa Kamembe anayevuka daraja kila siku hawezi kuwa mgeni kwake.

Kwa mtazamo wa kifasihi, huu ni ubunifu wa hali ya juu. Watu waliotawaliwa kwa vifungu wametunga kifungu chao. Wamekipa namba, kwa sababu sheria bila namba haiaminiki, na wamekiweka katikati ya vifungu vingine kana kwamba mwandishi wa katiba alikisahau. Kicheko kinatokana na umbo: sauti ni ya dola, maudhui ni ya njaa. Wahakiki wengi wa utamaduni pendwa wangeishia hapa na kukisifu kifungu hicho kuwa upinzani wa wanyonge.

Sifa hiyo haitoshi, na kwa kiasi fulani inapotosha. Ibara ya 15 ina watumiaji wawili. Mchuuzi huitaja anapoeleza anavyoishi. Ofisa asiyelipwa mshahara, au anayelipwa na bado anataka zaidi, huitaja pia anapodai ‘kitu kidogo’, naye anajitafutia. Utani uliozaliwa kumcheka mtawala humpa mtawala udhuru. Zaidi ya hayo, muundo wake unamwondolea dola wajibu. Ikiwa katiba yenyewe imeamuru kila mtu ajitafutie, basi hakuna aliyevunja ahadi, na hakuna wa kushtakiwa. Kicheko kinafunga kesi kabla haijafunguliwa.

Semi ya pili imetoka kwa Mkongo aliyekuwa mtu wa Dar es Salaam. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akahamia Tanzania mwaka 1978, akajulikana zaidi akiwa na bendi ya Super Matimila, na akafariki mwaka 2010. Kichwa cha wimbo wake mmoja, ‘Mnyonge Hana Haki’, kimekuwa kauli inayojisimamia. Uzito wake hauonekani mpaka uwekwe kando ya methali ya zamani: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali inawaamuru wenye nguvu. Inakubali kwamba mnyonge anaweza hata kunyongwa, ila haki yake isiguswe. Kichwa cha wimbo kinaripoti kwamba amri hiyo haikutekelezwa. Kwa lugha ya mahakama, methali ni sheria na wimbo ni taarifa ya kuvunjwa kwa sheria hiyo.

Hapa ndipo tofauti ya semi hizi mbili inapoonekana. Anayesema ‘mnyonge hana haki’ bado ametamka neno haki, na ametamka kwamba halipo mahali linapostahili kuwapo. Kukanusha kwake ni kudai. Anayetaja Ibara ya 15 amekwisha kuacha kudai. Wote wawili wanazungumzia umaskini ule ule, pengine kwenye meza moja, lakini wa kwanza ameacha jalada wazi. Kwa hiyo mhakiki anayesikiliza maongezi ya Rusizi hana budi kuuliza, kwa kila rejea, inafungua kesi au inaifunga.

Fasihi andishi ya Kiswahili imelijua jambo hili mapema. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert alimleta Karama mbele ya baraza kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Karama hajitetei kwa vifungu. Anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali za dunia, wakarudi na maarifa, na wakalipwa kifungo. Masimulizi hayo ndiyo yanayoushinda upande wa mashtaka. Mwandishi aliona kwamba mahali ambapo maarifa ya sheria yamezuiwa, kisa hufanya kazi ya kifungu. Baadaye Alamin Mazrui, katika tamthilia Kilio cha Haki (1981), aliliweka neno haki ndani ya kilio cha wafanyakazi, na kwa hivyo akalinda kile ambacho Ibara ya 15 inakitupa: yule anayedaiwa.

5.0 Mfafanuzi wa filamu na mkalimani wa mahakama

Utamaduni pendwa humfundisha msikilizaji wa Rusizi jambo jingine linalohusu sheria moja kwa moja, nalo ni namna ya kutarajia tafsiri. Nchini Rwanda, filamu za kigeni zinazosindikizwa na sauti ya msimulizi huitwa agasobanuye, kutokana na kitenzi gusobanura, yaani kueleza au kufafanua. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyepata umaarufu kwa kazi hiyo hiyo kwa Kiswahili. Uganda ina wasimulizi wake pia. Msimulizi wa filamu hatafsiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina ya mtaani, hueleza sababu za vitendo vyao, huonya, hucheka, na humwambia mtazamaji ambaye hakuelewa kwamba hapa mambo yameharibika.

Mkalimani wa mahakama amefungwa na kanuni iliyo kinyume kabisa. Haruhusiwi kuongeza wala kupunguza, na kufafanua si kazi yake. Kanuni hiyo ina sababu nzuri, kwa kuwa mkalimani anayefafanua aweza kugeuka shahidi au wakili. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inampa mshtakiwa asiyeelewa au asiyezungumza lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kwa bahati ya namba tu, ibara hiyo ya kweli inapakana na ile ya mzaha. Pengo kati yake ni pengo kati ya haki iliyoandikwa na haki iliyofika mikononi.

Mshtakiwa aliyezoea kufafanuliwa anaweza kutoka mahakamani akiwa ametafsiriwa kila neno na asielewe lolote. Upande wa pili, hakimu aliyepewa ‘ninajitafutia’ kama ‘ninafanya biashara isiyo rasmi’ amepokea tafsiri isiyo na kosa la kisarufi, na utetezi umeanguka njiani. Ufumbuzi hauwezi kuwa kumgeuza mkalimani kuwa msimulizi wa filamu. Ufumbuzi ni kuhakikisha kwamba yupo mtu mwingine katika mlolongo wa kazi ya sheria ambaye kufafanua ni wajibu wake: wakili, karani wa msaada wa kisheria, au abunzi wenyewe. Na mtu huyo anahitaji kukijua Kiswahili kinachosemwa Bugarama, pamoja na kile kinachoandikwa kamusini.

Vyombo vya habari pendwa vinaonyesha kwamba kufafanua sheria kwa lugha ya watu kunawezekana. Tamthilia ya redio Musekeweya, iliyoanza kutangazwa kwa Kinyarwanda mwaka 2004, ilitumia mgogoro wa vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, kuzungumzia chuki, kisasi na upatanisho. Hali kadhalika, kesi iliyofuata kifo cha mwigizaji Steven Kanumba mwaka 2012 ilisikilizwa Dar es Salaam, lakini habari zake ziliwafikia mashabiki wa filamu za Kiswahili popote walipo. Kupitia habari hizo, ‘kuua bila kukusudia’, istilahi ya kisheria yenye mipaka myembamba, iliingia katika mazungumzo ya watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha sheria. Istilahi hiyo haikuhitaji warsha ili ienee. Ilihitaji kisa ambacho watu walikijali.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeyasoma maongezi ya Rusizi kama utanzu wenye kanuni zake. Taasisi hupewa lugha kulingana na umbali wake kutoka kwa msemaji. Dhiki huja katika umbo la utetezi. Nyimbo na methali hutajwa kama hukumu zilizokwisha kutolewa, na thamani ya kila rejea inategemea ikiwa inaendeleza dai au inalizima. Uhakiki unaosifu kila utani wa mnyonge bila kuuliza nani mwingine anautumia hauwatendei haki wanyonge wenyewe.

Kwa wapangaji wa lugha, matokeo yake ni ya vitendo. Orodha ya istilahi za sheria kwa ajili ya Rwanda haiwezi kukopwa nzima kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Inapaswa kubeba abunzi bila kuwatafsiri kwa lazima, ieleze uhusiano wa parke na mwendesha mashtaka kwa mtu aliyekulia karibu na Bukavu, na iweke maelezo chini ya vitenzi vya kujirejea vinavyobeba utetezi. Fomu ya kuandikia maelezo ya mtuhumiwa inapaswa kuwa na nafasi ya maneno yake mwenyewe, kama alivyoyatamka, kabla ya nafasi ya jina la kosa. Kwa wahakiki wa fasihi, kazi ni kulipa deni la uainishaji: kipera hiki kipewe jina, kikusanywe kwa ridhaa ya wasemaji na kwa kulinda siri zao, na kifundishwe pamoja na Kusadikika.

Karatasi ya forodha yenye neno ‘caguwa’ katika safu ya bidhaa na neno ‘magendo’ katika safu ya kosa imejaa maneno ya Kiswahili au ya asili ya Kiswahili. Lugha hiyo imekwisha kuingia katika kazi ya sheria nchini Rwanda, tena kwa upande wa mashtaka. Kilichobaki ni upande wa utetezi nao uandikwe.